Niliposoma Meseji ya Mchumba Wangu Kwenye Gemu

"Wee, mapenzi gani? Pale napitisha muda tu mpaka nipate mtu wa maana…"

Jamani!

Hayo maneno niliyasoma Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye banda langu la gemu hapa Mbinga mjini. Juu yake pameandikwa jina la Bartholomayo.

Bartholomayo mchumba wangu! Jina lake na langu yalishasomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo, limebaki tangazo la tatu tu tufunge ndoa.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarudia.

Nilikuwa nimesoma sawasawa, na yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi.

"Kwao siwezi kukaa hata wiki. Watu wenyewe washamba, chakula chao kinanishinda. Mama yake kila saa mwanangu, mwanangu… nacheka kimoyomoyo! Usimwambie mtu."

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Wateja wawili waliokuwa wanacheza mpira kwenye TV wakageuka.

"Dada Walburga, vipi?"

"Chezeni gemu lenu!"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nawajua, mtaanza kukomenti kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni Walburga, kwetu Mpepai, watu wa kahawa na mahindi. Hapa mjini nina banda la gemu karibu na stendi. Bartholomayo ni wa Liuli, kule ziwani, fundi wa injini za boti. Yeye Mwanglikana, mimi Mkatoliki, kwa hiyo kibali cha ndoa mseto peke yake kilituchukua miezi saba. Miezi saba ya barua, mafundisho, rudi kesho, Padri amesafiri, muhuri haupo. Tulivumilia yote.

Tangazo la kwanza likasomwa. La pili likasomwa. Kwa wasiojua, Padri anawataja kwa majina mbele ya waumini Jumapili tatu, ili mwenye sababu ya kuizuia ndoa ajitokeze. Likipita la tatu bila pingamizi, kilichobaki ni kufunga ndoa.

Sasa wiki ile ile ya tangazo la tatu, simu yangu ikafa.

Na haikufa kwa heshima! Nilikuwa nyumbani Mpepai namsaidia mama kahawa. Nikainama kwenye ndoo ya kahawa iliyolowekwa, simu iko mfuko wa kifuani… chubwi! Nilipoitoa ilikuwa imejaa ute wa kahawa, haiwaki, haizimi.

Fundi akasema kioo mpaka kitoke Songea, nirudi baada ya wiki mbili.

Nikasema sawa, laini nitaiweka kwenye kitochi cha kuazima. Laini nayo haisomi! Nikaenda kuirudisha. Mashine ya alama za vidole ikavikataa vidole vyangu vyote kumi.

"Dada, vidole vyako havisomeki."

"Havisomeki vipi na ninavyo hapa?"

"Umefanya kazi gani siku hizi?"

"Nimemenya kahawa wiki nzima."

"Basi nenda vipone kwanza. Rudi wiki ijayo."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Yaani mtu una mchumba ziwani, una ndoa mlangoni, na huwezi kupiga hata simu moja kwa sababu ya kumenya kahawa! Na namba yake kichwani sina, hata nikiazima simu nitapiga wapi?

Ndipo nikakumbuka Vita.

Vita ni gemu la mkononi, la zamani kidogo, lina kioo chake na vitufe pembeni. Mwezi mmoja kabla, Rodrick alikuwa ameniwekea humo Telegram. Rodrick ni dereva wa bodaboda wa pale stendi, kazi yake ya pili ni kuchokonoa vifaa vya watu. Na hiyo Telegram haikuwa ile mnayoijua nyie. Kwenye gemu lile haipo kabisa. Hii wametengeneza watu huko majumbani kwao kwa kupenda tu, wanaigawa bure mtandaoni.

"Hii ni app ya kienyeji, dada," aliniambia siku ile.

"Kuku wa kienyeji namjua. App ya kienyeji ndiyo nini?"

"Ndiyo hiyo. Haina kampuni, haina wa kumlalamikia. Inaonyesha maandishi tu, vitu vingine inaruka. Ikikuletea matatizo usinifuate."

Nikamwambia sawa, sawa, huku nahesabu pad zangu za kuchezea zilizokuwa mikononi mwa wateja. Sikumsikiliza hata nusu.

Jamani, kuandika mle ni adhabu! Herufi zimepangwa kwenye kioo, unazifuata moja moja kwa mishale. Unaitaka S, mshale unakupeleka R. Unarudi, umefika T. "Shikamoo mama" ni dakika nne nzima. Kitufe cha duara kinafuta herufi moja, ukikikandamiza kidogo tu kinafuta meseji yote. Nilishalia kwa ajili ya kile kitufe, siwafichi.

Kwa hiyo nilipoingia humo Jumatatu, nilimwandikia Bartholomayo maneno machache tu.

"SIMU IMEKUFA. NIKO HUMU."

Sikumwambia kwamba humo sauti hazifunguki. Herufi zote hizo nani azifuate?

Na Bartho ni mtu wa sauti. Mikono yake ina grisi kuanzia asubuhi, kwa hiyo haandiki, anabonyeza na kuongea. Kwenye gemu langu sauti zake zilitokea kama kimraba chenye alama ya kuuliza, basi. Jumatatu vimraba vitatu. Jumanne vinne. Nikavizoea. Nikajiambia ni zile zake za umeamkaje, umekula nini, huku ziwani leo kuna upepo.

Haya, sasa turudi Jumatano.

Nimesoma yale maneno. Chini yake kimraba kimoja. Chini ya kimraba, neno la kuandikwa, tena la haraka haraka.

"Mbona kimya? Nijibu basi."

Ana nguvu ya kuniuliza mbona kimya!

Akili yangu ilifanya hesabu zake palepale. Huyu alikuwa anamwandikia mwanamke mwingine, akakosea, akanitumia mimi. Ndiyo maana ameandika "usimwambie mtu". Kumbe kuna mtu anayeambiwa siri za kwetu!

Lakini kilichonichoma hasa ni mama.

Mama yangu, Bartho akifika Mpepai, anachinja. Anamwekea maji ya moto ya kuoga kwa sababu anajua watu wa ziwani baridi yetu ya mwezi wa saba inawatesa. Anamwita mwanangu, na anamaanisha. Kumbe mtu anakula kuku wa mama yangu huku anacheka kimoyomoyo!

Nikashika gemu nimjibu. Herufi zinaruka. Nikaandika nusu, nikakandamiza kile kitufe cha duara… meseji yote ikafutika!

"Pumbavu!"

"Nani, mimi?" akauliza mteja.

"Si wewe! Cheza!"

Nikaanza upya. U. S. I. Betri asilimia tisa. N. I. Mtandao wenyewe naazima kwenye simu ya Rodrick, na Rodrick amepata abiria, anasogea na mtandao wake. Nikatoka mbio nimfuate mpaka barabarani, gemu mkononi, watu wa stendi wananiangalia.

"Rodrick! Simama hapo hapo!"

"Dada, nina abiria!"

"Abiria atasubiri!"

"USINITAFUTE TENA." Ikaenda.

Vimraba vikaanza kushuka. Kimoja… viwili… vitano! Nikalizima gemu.

Mlango wa pili kutoka kwangu kuna saluni ya Beata, rafiki yangu tangu sekondari. Tumekula naye, tumelia naye, siri zangu zote anazo. Nilimkuta peke yake, nikamwekea kioo cha gemu mbele ya macho.

"Soma hapo."

Akasoma. Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Haya ametuma… Bartholomayo?"

"Jina si unaliona?"

Akaniangalia. Akakiangalia kioo tena.

"Na wewe unaonaje?" akauliza taratibu.

"Naonaje nini? Ana mwanamke! Tena anamtukana mama yangu!"

Beata akavuta pumzi. Halafu akanishika mkono.

"Shoga, pole. Ila huyu usimwache hivi hivi. Muanike! Usipomuanika ataenda kuwafanyia na wengine."

"Nitamuanikaje na sina simu?"

"Simu yangu si hii hapa?"

Alhamisi asubuhi nikaingia Facebook yangu kwa simu ya Beata. Nikaweka picha ya Bartho, ile ya siku ya kuleta barua ya posa, amevaa shati jeupe. Nikayanakili yale maneno yote, neno kwa neno. Juu nikaandika: HUYU NDIYE MUME NILIYEKUWA NAPEWA. WASICHANA WA MBINGA NA NYASA MJIHADHARI.

Wengi wenu mliisoma. Mnaijua.

Mlikomenti! "Mwanaume shetani." "Wa ziwani ndivyo walivyo." "Mama wa mwenzio unamcheka, laana hiyo." Mpaka mchana ilikuwa imeshasambazwa mara mia tatu, na mimi nimekaa saluni kwa Beata nazisoma zote kwa sauti. Nilikuwa najisikia vizuri, nisiwadanganye. Beata ananichania nywele, anasema "ona na huyu", "ona na huyu".

Simu yake iliita mara tatu. Kila mara alitoka nje kupokea.

"Wateja," aliniambia.

Ijumaa nikaenda parokiani. Nilitaka kazi iishe yote.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu Walburga. Umekuja kwa ajili ya tangazo la kesho kutwa?"

"Nimekuja kulizuia, Padri."

Padri Damiano ni mtu mzima, mpole, hana haraka. Akavua miwani.

"Wewe? Unaweka pingamizi kwenye ndoa yako mwenyewe?"

Nikamkabidhi gemu. Akalishika kwa mikono miwili kama sahani ya supu, akagusa kitufe, likafunguka gemu la magari, injini zikaanza kunguruma ofisini kwa Padri! Nikamnyang'anya, nikamfungulia upya, mashavu yananiwaka.

Alisoma polepole. Alipomaliza alinirudishia gemu.

"Umezungumza naye?"

"Nizungumze naye nini, Padri? Si maneno yake hayo?"

"Ndoa ni jambo kubwa. Hata kuizuia ni jambo kubwa."

"Padri, nikuulize. Mtu wa kuandika maneno kama haya, wewe ungemfungisha ndoa?"

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mtu wa hivi hafai kuoa wala kuolewa. Mtu anayemcheka mama aliyempokea kama mtoto wake? Hata kanisani asiingie!"

Padri akatikisa kichwa. Akasema amenisikia, lakini hawezi kusimamisha kwa kusikiliza upande mmoja. Atampigia Bartholomayo, Jumamosi saa sita tuje wote wawili.

Nikasema aje tu. Nilikuwa na hamu naye.

Jumamosi Bartho alikuja na basi la kwanza kutoka Liuli. Nilimkuta ofisini kwa Padri, amevaa shati la kazini, kucha bado nyeusi. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Hakuniangalia.

"Kijana," Padri akaanza, "kuna maneno Walburga anasema umeyaandika. Umeyaandika?"

"Hapana, Padri."

"Muongo!" nikaruka. "Muongo mkubwa! Jina lako liko juu!"

"Nimeyatuma," akasema. "Sijayaandika."

"Tofauti yake nini?"

Akatoa simu yake, akafungua Telegram, akaiweka mezani, akanisogezea.

Meseji ilikuwa ile ile. Lakini kwenye simu yake juu ya meseji kulikuwa na mstari mmoja mdogo, ambao kwenye gemu langu haukuwepo. Mstari unaosema meseji hii imeforwadiwa, na jina la mtu aliyeiandika mwanzo.

Walburga.

"Huyo si mimi," nikasema.

Bartho akaisogeza simu karibu yangu zaidi.

"Si mimi! Mimi siwezi kuandika…"

Nikaibofya ile picha ndogo pembeni ya jina. Ikafunguka picha yangu, nimefunga kitambaa cha njano, nimesimama mbele ya banda langu.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokumbuka.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu. Nina miezi miwili tu na Bartho. Nimetembelea kwao Liuli kwa mara ya kwanza, niko kwenye basi narudi, na Beata ananiuliza kwenye Telegram: vipi shoga, mapenzi yamekolea ziwani? Mimi nikataka nionekane mjanja. Nikataka asidhani nimedata na fundi wa injini. Nikaandika yale maneno kwa nusu dakika, nikaweka na vicheko, nikalala usingizi mpaka Mbinga. Sikuyafikiria tena hata siku moja.

"Kwao siwezi kukaa hata wiki" ilikuwa Liuli.

"Chakula chao kinanishinda" ilikuwa ugali wa muhogo wa mama yake.

Na yule mama wa "mwanangu, mwanangu"… alikuwa mama yake! Mama aliyenipisha kitandani kwake, yeye akalala mkekani, siku mbili.

Nilitaka sakafu ya ofisi ile ipasuke nizame.

"Nani alikutumia?" nikauliza.

"Beata. Jumatano asubuhi. Alisema ananionea huruma."

Beata! Aliyesoma kioo changu akanyamaza! Aliyeyatambua maneno palepale, akaona mimi siyatambui, akanipa simu yake nimuanike mtu!

"Nilimpigia Alhamisi mara tatu nikimwomba akupe simu," Bartho akaendelea. "Akaniambia hutaki kusikia sauti yangu."

Baadaye nilikuja kujua kosa langu kwa Beata. Nilimchagua binti wa baba mdogo awe msimamizi wa ndoa badala yake, na sikumweleza sababu. Basi! Aliniblock siku hiyo hiyo, na saluni sasa anapita mlango wa nyuma. Lakini jamani, Beata alileta kiberiti tu. Kuni nilikusanya mimi mwenyewe.

"Kwa nini ulimtumia bila kumweleza?" Padri akamuuliza Bartho. "Ungemwandikia kwamba ni nini."

"Nilimweleza, Padri. Kwa sauti. Hiyo hapo chini yake."

Kimraba!

Padri akasema ichezwe. Bartho hakutaka. Padri akarudia. Akaibonyeza.

"Walburga… kuna mtu amenitumia hii, nimeona nikuonyeshe. Naona ni ya zamani, tulikuwa hata hatujajuana vizuri. Imeniuma, sikufichi. Lakini mimi nimeshakusamehe, sitaki tuingie Jumapili nikiwa na kitu moyoni usichokijua. Mama sijamwonyesha, na sitamwonyesha maisha yangu yote. Wewe niambie tu umeipata… Hapa nina injini ya watu, nikimaliza naosha mikono nakutafuta tena."

Sekunde arobaini na moja. Nilizihesabu kwenye simu yake.

Alikuwa ameshanisamehe, jamani! Jumatano saa nne, kabla hata sijasimama kwenye kiti, mtu alikuwa ameshanisamehe. Na mimi nikamtangaza wilaya mbili nzima.

Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu ya Padri.

"Bartho, nisamehe. Ni ile app. Inaruka vitu, Rodrick aliniambia, haionyeshi jina la mwandishi, haifungui sauti, mimi nisingejua…"

"Inuka, Walburga."

"Nisamehe kwanza!"

"Yale ya mwaka juzi nilikusamehe kwa sababu uliyaandika hujanijua," akasema. Alikuwa anaongea taratibu, hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Ya Alhamisi umeyaandika unanijua. Umekaa na mimi miaka miwili na zaidi. Ukasoma yale maneno, ukaona yanaweza kutoka kwangu. Hukuuliza hata mara moja."

Nikainuka sakafuni.

Padri akakohoa.

"Nimeelewa. Kesho lile tangazo… nisome au nisisome?"

Nilimwangalia Bartho. Nilikuwa namwombea kwa Mungu aseme neno moja tu.

"Usisome, Padri."

Akachukua simu yake. Mlangoni akasimama, kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Kuna kitu kimoja nakuomba. Mama amesomewa ile posti yako na wenzake wa Umoja wa Akina Mama kanisani. Anaamini nimeyaandika mimi, kuhusu mama yako. Nimemwambia siyo, haniamini, kwa sababu sikumwambia ni ya nani. Nilishasema sitamwonyesha. Nenda wewe."

Jumatatu nikashuka Liuli.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilifika saa tano hivi. Pale ufukweni wanawake walikuwa wanaanika dagaa, na nilivyokuwa napita kila mmoja aliacha kazi akaniangalia. Walishaniona kwenye simu zao. Mmoja akasema "pole dada", mwingine akasema "Mungu atakulipia". Walikuwa wananionea huruma! Nilitamani wangenipiga.

Mama yake, Mama Ottilia, alikuwa kwenye kichanja chake anageuza dagaa. Aliponiona alidondosha ungo.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alikuja mbio, akanishika mabega, machozi tayari yanamtoka.

"Nisamehe, mama! Nisamehe sana! Nilikuwa nasema wiki hii nije Mpepai nimpigie mama yako magoti. Sijui nimemlea vipi mtoto yule. Sijui amejifunza wapi."

"Mama, ngoja…"

"Mama yako amemfanyia wema wote ule! Siku ya nne sasa siwezi kumtengea chakula, nikimwangalia naona aibu."

"Mama, si yeye."

"Usimtetee!"

"Ni mimi!"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, mbele ya kichanja, na wanawake wa vichanja vya jirani wanasikia. Kwamba nimeandika mimi mwaka juzi. Kwamba kule nisikoweza kukaa wiki ni hapa kwake. Kwamba chakula ni chake. Kwamba mama anayechekwa kimoyomoyo ni yeye. Kwamba mwanawe aliletewa, akanisamehe, akamficha yeye asiumie, na mimi nikamwandika jina lake hadharani.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Mikono yake ilikuwa imebaki kwenye mabega yangu, halafu taratibu ikashuka.

Nikasubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote, matusi, kofi, kufukuzwa.

"Kwa hiyo Bartholomayo hakuandika," akasema.

"Hakuandika, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

Akafumba macho. Akashika kifua.

"Asante Bwana," akasema. "Mimi kusemwa nimezoea, watu wananisema tangu nikiwa msichana. Hofu yangu ilikuwa nimezaa mtu wa namna hiyo."

Akageuka. Akapandisha kanga yake kiunoni, akaanza kukimbia ufukweni, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kutoka kichanja kimoja hadi kingine.

"Jamani, mwanangu hakuandika! Hakuandika! Si mwanangu!"

Nikabaki nimesimama pale na ungo wake chini. Mtu wa namna hiyo ni mimi, na yule mama hata hakuwa na muda wa kunikasirikia.

Leo ni wiki ya tatu. Tangazo halijasomwa. Bartho namuona akija mjini kununua spea, tunasalimiana, anapita. Vidole vimepona, laini imerudi, simu imepona pia. Sauti zake zote za wiki ile nimezifungua na kuzisikiliza. Ni kweli nyingi ni za umeamkaje.

Msianze kunipa pole, na msianze kuitukana app ya Rodrick. Ilifanya ilichosema itafanya. Mnachotakiwa kuchukua hapa ni kimoja: ukikuta maneno yasiyofanana na mtu unayemjua, mwamini mtu, kisha panda basi ukamuulize. Mbinga mpaka Liuli siyo mbali. Nilifika baada ya mambo kuharibika, wakati ningeweza kufika kabla.

Ile posti ya Alhamisi niliifuta, lakini bado inazunguka, mmeipiga picha, mmeiweka kwenye magrupu. Juzi mtu ameiweka tena na kuandika "wanaume wa ziwani". Nakasirika mpaka nashindwa kula, na sina wa kumkasirikia.

Mliisambaza mara mia nne na zaidi kabla jua halijazama. Hii ndiyo yenye ukweli, na nimeiandika kwa jina langu mwenyewe ili msiseme sijulikani. Bartholomayo hakuandika. Sambazeni na hii, hata nusu ya ile.